Kabla ya kung'oa mitufaa ya zamani, ipogoeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumze na wenye mashamba ya zamani ya matunda ya baridi huku Nyanda za Juu Kusini: familia, parokia na shule zenye mitufaa, mipeasi, miplamu na mipichi iliyopandwa enzi za wamisionari na walowezi, au na wazee wetu baada ya hapo. Juni imefika, baridi imekaza, na huu ndio msimu ambao chenso hupita Makete, Njombe, Mufindi, Kilolo na Mbeya Vijijini ikiangusha miti hiyo ili kupisha parachichi, viazi au miti ya mbao. Sababu inayotolewa karibu kila mahali ni moja: imezeeka, haizai. Nasema mingi kati ya miti hiyo haijafa wala haijachoka. Imesongwa na matawi yake yenyewe, haijalishwa, na mara nyingi imekatwa vibaya na watu waliokusudia kuisaidia. Mtufaa uliobebeshwa, yaani kijiti cha aina nzuri kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine lenye nguvu, unaweza kuzaa zaidi ya miaka 50. Kuurudisha kwenye uzazi huchukua miaka mitatu, siku chache za kazi kila mwaka, na wakati huo wote bado unazaa kidogo kidogo. Mche mpya wa parachichi nao unataka miaka mitatu au minne kabla haujamrudishia mwenyewe hata gharama ya shimo.

Sina ugomvi na parachichi. Kwenye miteremko ya Rungwe na sehemu nyingi za Njombe limeleta fedha, na fedha hizo zinaonekana. Ugomvi wangu ni kulipanda mahali pa tufaa bila kuuliza kwa nini tufaa liliwekwa hapo. Hewa ya baridi ni nzito; usiku usio na upepo wala mawingu huteremka kutoka mlimani na kutuama bondeni, na asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Mche wa parachichi aina ya Hass ukishukiwa na nyuzi mbili chini ya sifuri kwa saa chache majani yanaungua yote, na ukiwa bado mdogo unakufa hadi chini ya kibebesho, pale ulipobebeshwa. Mtufaa ukiwa umelala hauna habari na sakitu hiyo. Kinachoweza kuunguzwa kwake ni maua tu, Agosti na Septemba. Kwa hiyo kabla ya kuleta chenso, amkeni saa kumi na mbili asubuhi mwezi huu na ujao mkaangalie sakitu inalala wapi. Palipo nyeupe, achieni tufaa na peasi. Parachichi lipelekeni juu kwenye mteremko, ambako hewa baridi inapita bila kusimama.

Sasa, mti upi unafaa kuokolewa? Kwangueni gome la vijitawi kwa ukucha, sehemu nne au tano kuzunguka mti. Chini ya gome pakiwa kijani na unyevu, tawi ni zima. Pakiwa kahawia na pakavu, limekufa. Mti wenye uhai kwenye nusu ya matawi yake unafaa. Shina lenye uwazi katikati si hukumu ya kifo, maana chakula na maji hupita kwenye sehemu ya nje na si kwenye kiini. Msijaze uwazi huo saruji kama wengi wanavyofanya. Saruji hainyumbuki mti unapoyumba na upepo, hukwangua mbao za ndani, na maji hujificha nyuma yake yakaozesha zaidi.

Penye wasiwasi wa kweli ni shingoni, pale shina linapoingia ardhini. Fukueni udongo sentimita 15 kuzunguka shina na muinue kipande kidogo cha gome kwa kisu. Mkiona utando mweupe ulioshikana kama karatasi kati ya gome na mbao, wenye harufu kali ya uyoga, huo ni ugonjwa wa mizizi uitwao Amilaria, ambao wakulima wa chai wa Mufindi na Rungwe wanaujua vizuri. Mti huo hauponi. Ung'oeni na mizizi yake yote minene, ichomwe palepale, na msipande mti wowote shimoni humo kwa miaka kadhaa, kwa sababu kuvu hii hushambulia miti ya aina nyingi na huishi kwenye vipande vya mizizi vilivyobaki. Hapa ndipo wanaong'oa haraka haraka wanapojiponza: wanakata mtufaa mgonjwa, wanaacha kisiki, wanapanda parachichi kando yake, kisha baada ya miaka michache wanalaumu mche. Ugonjwa huu huanzia kwenye visiki, hata vya miti ya kivuli au ya mpakani iliyokatwa ikiwa na nguvu zake zote. Mti mkubwa wa karibu na bustani ukilazimika kuondolewa, uvueni gome kwa pete kuzunguka shina mwaka mmoja au miwili kabla, ili mizizi itumie wanga wake na kuisha yenyewe. Kisiki cha namna hiyo hakina chakula cha kuvu.

Miti mingine yote iliyokonda, yenye ndevu za kijivu, yenye matawi yaliyosokotana, ina nafasi. Ndevu zenyewe hazili mti. Zinakaa juu ya gome tu na kunywa ukungu, na zinaongezeka kwa sababu mti unakua polepole na hewa haipiti. Msizikwangue kwa panga, maana mtaondoa na gome. Mwanga ukiingia zitapungua. Kilicho adui ni kile kimelea chenye majani manene ya kijani kinachochomoza kwenye tawi, kilicholetwa na ndege kwa mbegu zake zenye ulimbo. Hicho kina mizizi ndani ya mbao. Kukivunja kwa juu hakusaidii, kitachipua tena. Tawi likatwe sentimita 30 chini ya pale kiliposhika.

Kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalowapa watu ushahidi wa uongo kwamba mti umezeeka, ni kukata kila kitu kwa mwaka mmoja. Mtu anakata kichwa cha mti mita mbili kutoka ardhini na kuondoka. Mizizi iliyokuwa ikilisha mti mzima inabaki ileile, na yote inasukuma nguvu kwenye visiki hivyo. Novemba mvua zikianza yanaibuka maotea mengi yaliyosimama wima, membamba, marefu kama mtu. Hayazai kwa miaka mitatu au minne, yanatiana kivuli, na ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiri unga unayakalia. Mwenye shamba anaona msitu usio na tunda na kuita chenso. Kanuni ni hii: kwa mwaka mmoja msiondoe zaidi ya robo ya matawi yaliyo hai. Matawi makavu hayahesabiwi, hayo yaondoke yote.

Wakati wa kukata ni Julai na nusu ya kwanza ya Agosti, mti ukiwa umelala na anga ikiwa kavu. Hapa tumebarikiwa kuliko nchi nyingi za matufaa, kwa kuwa baridi yetu huja bila mvua na kidonda hukauka kabla ya kuvu kupata unyevu. Baraka hiyo inapotezwa Desemba, vijana wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kuamua kusafisha bustani ya babu katikati ya mvua. Tafadhali, Desemba vuneni tu, na vunjeni maotea kama nitakavyoeleza.

Mwaka wa kwanza kazi ni ya ndani ya mti. Ondoeni makavu, yaliyooza na yaliyovunjika, kisha maotea yote yanayotoka chini ya kibebesho, kwa sababu hayo ni ya mti wa shina, matunda yake ni madogo na machachu, na yakiachwa yanaua kilicho juu. Halafu simameni chini ya mti mtazame juu, mchague matawi makubwa mawili, pengine matatu, yanayoziba katikati au kusuguana na mengine, na hayo tu ndiyo yakatwe. Ni heri vidonda vichache vya unene wa sentimita 5 hadi 8 kuliko kimoja cha 20. Mti mkongwe hauwezi kufunika kidonda kikubwa, utaoza kabla haujamaliza.

Tawi kubwa hukatwa kwa mikato mitatu ya msumeno, si mmoja. Wa kwanza unapita chini ya tawi, sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, sentimita 5 mbele zaidi kuelekea nchani, mpaka tawi lianguke. Bila ule mkato wa chini, uzito wa tawi huchana gome kushuka nalo hadi shinani, na mchaniko huo ndio mlango wa kuoza. Wa tatu unaondoa kipande kilichobaki, na hapo jicho litumike: tawi linapotokea kwenye shina pana mvimbe, pete ya gome lenye mikunjo. Mkato upite nje ya pete hiyo, usiiguse, wala usiache kigingi. Ndani ya pete ndimo mnamo nyama inayofunga kidonda. Mkikata sambamba kabisa na shina mmeiondoa, na mkiacha kigingi cha sentimita 10 pete inashindwa kukifunika, kinakauka na kuoza kuelekea ndani. Kidonda kilichokatwa vizuri huonyesha pete nyeupe inayovimba kwa ndani kuanzia msimu wa kwanza wa mvua.

Msipake kidonda lami, oili chafu wala rangi ya mafuta. Hufunika unyevu na kuvu pamoja. Kinachotakiwa kupakwa ni magome yaliyokuwa kivulini na sasa yamefunguliwa ghafla, hasa mgongo wa matawi na upande wa kaskazini ambako jua linapita miezi hii. Rangi nyeupe ya maji ichanganywe na maji nusu kwa nusu, au tumieni chokaa ya ukutani. Jua la mita 2,000 juu ya bahari huunguza gome changa hadi linapasuka, na nyufa hizo huingiza wadudu wa kutoboa mbao.

Mwaka wa pili shusheni urefu. Mti wa mita 8 haunyunyizwi dawa wala hauvuniki bila kuvunja watu miguu; ulengeni mita 3 na nusu hadi 4. Matawi ya juu hayakatwi popote tu, yanarudishwa hadi kwenye tawi la pembeni lenye unene wa walau theluthi ya hilo linalokatwa, ili liwe na nguvu ya kuvuta maji na kushika uongozi. Likiwa jembamba kuliko hapo, mtapata maotea tu. Mwaka wa tatu ni kazi ya mkasi. Vile vijitawi vifupi vyenye mikunjo, vinavyobeba maua, huwa vimerundikana kwenye miti mikongwe hadi vinazaa matunda ya ukubwa wa limau. Punguzeni theluthi yake, mkianza na vinavyoangalia chini, kwa kuwa havipati jua. Kazi ikiisha, simameni chini ya mti saa sita mchana: kivuli kiwe na madoa ya mwanga kila mahali. Kivuli cheusi kitupu maana yake bado.

Kati ya Novemba na Januari kila mwaka rudini kwenye maotea, kwa maana yatatoka hata mkikata kwa adabu. Yakifika urefu wa kiganja hadi dhiraa, yakiwa laini, yang'oeni kwa mkono kuelekea chini. Hung'oka na macho yake ya pembeni. Mkisubiri yawe magumu na kuyakata kwa mkasi, kila moja litarudi matatu. Penye pengo, acheni moja na mlilaze kwa kamba hadi lielekee nusu kati ya wima na ulalo. Tawi lililolazwa hupunguza mbio za kurefuka na hutengeneza macho ya maua. Lililosimama wima hutengeneza majani.

Niliyoeleza ni ya mtufaa na mpeasi. Mpichi una tabia yake: huzaa kwenye vijiti vya mwaka uliopita tu, kwa hiyo usipopogolewa kila mwaka uzazi hupanda juu na kuuacha mti mtupu katikati. Ukatwe kwa nguvu zaidi, hadi nusu ya vijiti vya mwaka jana. Mpichi wa miaka zaidi ya 20 kwa kawaida haustahili mapambano. Chukueni kokwa au vikonyo vyake, yaani vijiti vya kubebesha, muuanze upya. Mplamu uko katikati ya hawa wawili, na unatokwa ulimbo ukikatwa ovyo, basi ukatwe kidogo na katika ukavu.

Kuhusu udongo, jambo la kwanza ni kuacha jembe. Mahindi yakilimwa hadi shinani, jembe au plau hukata mizizi myembamba ya kulisha, ambayo mingi iko ndani ya sentimita 30 za juu. Mti unapoteza mdomo wake kila Novemba, mwezi uleule unaouhitaji. Maharage yalimwe nje ya kivuli cha mti. Ndani ya kivuli fyekeni nyasi na kuzilaza kama matandazo, unene wa sentimita 10, yakiwa mbali na shina kwa shubiri mbili ili panya na unyevu visikae kwenye gome. Ng'ombe na mbuzi wasifungwe kwenye shina. Na waya wa uzio uliozama kwenye gome utolewe, au ukatwe vipande kama hautoki.

Udongo mwekundu wa Njombe, Mufindi na Kilolo umeoshwa na mvua miaka mingi na una uchachu. Tufaa hupenda uchachu kidogo tu, pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.5. Pimeni kabla ya kununua chochote. Chukueni udongo sehemu 15 za bustani, kina cha sentimita 30, changanyeni kwenye ndoo safi, pelekeni nusu kilo maabara. Kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, kule Mbeya kiko karibu na wengi wetu. Kipimo kikidai chokaa ya kilimo, gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba ni mwanzo mzuri, yaani kilo 6 hadi 8 kwa mti wenye kivuli cha mita 6 upana. Imwagwe Oktoba. Samadi iliyoiva, debe tatu au nne kwa mti, isubiri mwezi mmoja baadaye, kwa kuwa chokaa ikikutana na samadi mbichi hupeperusha naitrojeni. Itandazwe chini ya ncha za matawi, ndiko mizizi inakonywea, wala isirundikwe shinani. Mwaka ambao mmepogoa kwa nguvu msitie mbolea ya naitrojeni, iwe urea au CAN, hata kidogo. Mtakuwa mnapanda maotea. Matunda yakiwa na madoa makavu ya kahawia yaliyo kama kizibo cha gome cha chupa ndani ya nyama, na ncha za matawi zikifa, huenda ni upungufu wa boroni, unaojulikana pia kwenye misonobari na mikaratusi ya ukanda huu. Dawa ni boraksi kidogo sana, isizidi gramu 50 kwa mti mkubwa na si kila mwaka. Ikizidi ni sumu.

Maua yetu huja Agosti na Septemba, ukame ukiwa umefika kileleni. Mti ukikosa maji wiki hizo unaangusha vitunda vyote, na watu husema umerogwa. Lita 80 hadi 100 kila siku 7 hadi 10, tangu maua yafunguke hadi mvua za Novemba, zinatosha kwa mti mzima. Kama maji ni machache, chagueni miti michache mnyweshe hiyo vizuri.

Hapa niseme jambo ambalo wanaokata nusu ya bustani hawalifikirii. Mtufaa mmoja hauzai vizuri peke yake. Unahitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati uleule, ikiletwa na nyuki. Mipeasi vilevile, na miplamu mingi. Mpichi ndio unaojitegemea. Bustani ya zamani ilipangwa aina kwa aina kwa makusudi. Anayeng'oa mstari mmoja kwa sababu hauzai sana huenda ameng'oa baba wa mstari wa pili, na mwaka unaofuata miti iliyobaki itajaa maua meupe na isishike tunda. Kama hilo limeshatokea, halihitaji mche mpya: bebesheni tawi moja la aina nyingine kwenye kila mti wa tatu. Hata aina mpya zinazohitaji baridi kidogo tu, kama Anna ya Israeli na Dorsett Golden ya Bahamas, hupandwa pamoja kwa sababu hiyohiyo. Na msinyunyize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Zipo pia aina zisizolala sawasawa huku kwetu kwa kukosa baridi ya kutosha. Zinabaki na majani ya mwaka jana, zinachanua kidogo kidogo kwa miezi, na mavuno yanatawanyika. Mti wenye nguvu unaweza kusaidiwa kwa kuung'oa majani yote kwa mkono mwishoni mwa Juni au Julai. Macho huamka pamoja baada ya mwezi hivi. Wakulima wa Batu, Java Mashariki huko Indonesia, wasio na majira ya baridi kabisa, hufanya hivyo wiki chache baada ya kuvuna na kupata mavuno mawili kwa mwaka. Mti dhaifu msiuguse majani. Subirini mwaka wa tatu.

Matunda yakishika, yapunguzeni. Najua inauma kutupa vitunda, lakini mti mkongwe ukiachiwa mzigo wote huvunjika matawi, na mwaka unaofuata hautoi kitu. Sababu si uchovu tu: macho ya maua ya mwaka ujao hutengenezwa wiki chache baada ya maua ya mwaka huu, na mbegu za matunda mengi hutoa kichocheo kinachoyazuia. Vitunda vikiwa ukubwa wa gololi, acheni kimoja kwa kila shada, na kati ya kimoja na kingine pawe na sentimita 10 hadi 15. Mkichelewa hadi Desemba matunda yatanenepa kweli, ila mwaka ujao utakuwa umeshapotea.

Magonjwa na wadudu nayapitia haraka. Vichipukizi vyeupe kama vimenyunyizwa unga ni ubwiri unga. Vikateni Julai, na vikirudi tumieni salfa ya asilimia 80, gramu 40 hadi 60 kwa lita 20, asubuhi au jioni, kamwe si kwenye jua kali. Majani ya mpichi yanayojikunja na kuvimba mekundu hayatibiki yakishajikunja. Kopa, dawa ya kuvu yenye shaba, ipigwe kabla macho hayajavimba, gramu 80 hadi 100 kwa lita 20 kwa ile ya asilimia 50, huku mkisoma kibandiko cha mliyonunua. Pamba nyeupe kwenye vidonda na mikunjo ya mtufaa ni vidukari vyenye manyoya, vinavyoacha manundu kwenye matawi na hata kwenye mizizi. Vipigeni brashi ngumu na maji ya sabuni, gramu 100 za sabuni ya kipande kwa lita 10, na matawi yaliyojaa manundu yaondoke. Nzi wa matunda hazaliani hewani, anazaliana ndani ya matunda, yakiwemo yaliyoanguka. Yaokoteni kila siku mbili, yafukieni nusu mita au zaidi, au yafungeni kwenye mfuko mweusi wa plastiki muuache juani wiki moja. Msiyatupe kwenye lundo la mboji.

Kuna moto. Julai hadi Oktoba nyasi ni baruti, na gome la mtufaa ni jembamba. Mti ulioungua upande mmoja huonekana mzima hadi Januari, kisha gome linabanduka lote. Limeni kinga ya mita 5 kuzunguka bustani kabla Julai haijaisha.

Mwisho nawaomba maofisa ugani wa halmashauri, maparoko na walimu wakuu wa shule zenye miti hii: mti wowote unaopangwa kukatwa uchukuliwe vikonyo kwanza. Aina nyingi kati ya hizi huenda hazipo tena kwenye kitalu chochote hapa nchini, na zimeshathibitisha kwamba zinaweza ukungu wetu, sakitu yetu na ukame wetu. Kikonyo ni kijiti cha mwaka mmoja, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kilichokatwa Julai macho yakiwa yamelala. Kama mti mkongwe hauna vijiti vya namna hiyo, kateni matawi machache mwaka huu, vitapatikana mwakani. Vifungeni kumi kumi, vizungusheni gazeti lenye unyevu usiochuruzika, mtie kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka kwenye friji isiyo na matunda, kwa kuwa hewa ya matunda yanayoiva huua macho. Kwa asiye na friji, mchanga wenye unyevu kwenye kivuli cha upande wa kusini wa nyumba unatosha kwa wiki nne. Kwenye kila fungu pawe na kibati kilichoandikwa kwa msumari: aina ya tunda, mahali, tarehe. Wino unafutika.

Septemba, gome linapoanza kuachia, bebesheni. Kwenye mti mkongwe mnaotaka kuubadili aina, kateni tawi la unene wa sentimita 5 hadi 10, pasueni gome wima kwa kisu kikali, na chomekeni vikonyo vitatu vilivyochongwa kwa mshazari wa sentimita 4, upande uliochongwa ukigusa mbao. Kazeni kwa nailoni, funikeni kichwa kwa nta ya nyuki. Acheni tawi moja kubwa bila kukatwa liendelee kulisha mizizi kwa misimu miwili. Na mti ambao umeshauzwa kwa mwenye chenso, vikonyo vyake vichukuliwe kabla haujaangushwa au siku hiyohiyo. Baada ya siku tatu juani macho yatakuwa yamekauka.

Bwana shamba mstaafu,
Njombe